Mlango wa pili wa ukumbi una mnyororo na kufuli. Wahadhiri, dharura ikitokea darasani tunafanya nini?

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni mhadhiri, huu ni mwaka wangu wa tisa katika chuo kimoja hapa Tanzania. Sitakitaja. Jumanne iliyopita nilikuwa na pindi la saa mbili asubuhi, mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi za katikati. Kama dakika ya arobaini hivi, projekta iliyofungwa darini ikalia kama chupa inayopasuka, ukafuata moshi mwembamba mweusi na harufu ya waya ulioungua. Umeme ukakatika hapo hapo. Ukumbi wenyewe una madirisha upande mmoja tu, tena yamepakwa rangi ili jua lisiharibu picha ukutani. Giza.

Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Kilichobaki kichwani mwangu ni kile kimya cha sekunde mbili tatu. Mamia ya watu walikuwa wamegeuza nyuso, wananitazama mimi. Nikasema, "Tulieni, tulieni." Sikuwa na neno la pili. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Moto!" na ukumbi mzima ukaelekea mlango mmoja, ule tulioingilia.

Upo mlango wa pili, kushoto kwa jukwaa, umeandikwa KUTOKEA kwa rangi ya kijani. Nikaukimbilia. Mnyororo umezungushwa mara mbili kwenye mishikio, na kufuli juu yake. Tundu la ufunguo limejaa vumbi lililoganda. Nilitikisa ule mlango kwa mikono miwili mpaka kucha ikang'oka.

Moto haukuwaka, ilikuwa nyaya tu. Binti mmoja ameteguka kifundo cha mguu, mwingine alianguka akakanyagwa mkono. Lakini wiki nzima nikilala naliona lile kufuli.

Miaka tisa nimeitwa kwenye semina za kutunga mitihani, za kusahihisha, za kufundisha kwa intaneti. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa mamia ya watu wakinitazama gizani niwaambie nini. Kwenu ikoje? Ufunguo anakuwa nao nani? Na kwa nini mlango wa dharura unafungwa kwa mnyororo?

#2 Mwaka wa Tatu

Pole sana mwalimu. Kwetu tuliambiwa mlango wa nyuma umefungwa kwa sababu wanafunzi wakishasaini mahudhurio wanatokea huko. Na ni kweli tulikuwa tunatokea huko.

#3 Kitasa

Sababu ni wizi wa projekta, hakuna nyingine. Ukumbi wenye milango miwili ni walinzi wawili, chuo kinalipa mmoja.

#4 Mzee wa Mitungi

Nimefanya kazi ya zimamoto miaka 27, sasa nimestaafu, niko shambani Mkuranga. Mwalimu, pole, na usijilaumu. Nataka niseme mambo matatu maana yananiuma.

Watu hukimbilia mlango walioingilia. Hata mlango mwingine uwe wazi na uko hatua tano kutoka walipo, kama hawajawahi kuupita hawauoni. Nimeingia kwenye majengo yaliyoungua nikakuta mlango wa akiba haujaguswa, na mlango mkuu umeziba kwa watu. Kibao cha kijani hakitoshi. Dawa yake ni kuutumia kila siku. Waambie wanafunzi wako: wa mistari ya kushoto mnaingilia na kutokea huku, wa kulia kule. Mguu ukishaijua njia, hata gizani unaenda.

La pili, moshi. Moto wa nyaya na plastiki hutoa moshi wenye sumu, unapanda juu kwanza, halafu unashuka. Hewa nzuri inabaki chini. Mtu akiinama au akitambaa anapata nafasi, akikimbia amesimama anaumeza.

La tatu, ule mtungi ukutani. Kwa projekta, kompyuta na soketi unatafuta mtungi wa hewa ukaa, ule wenye mdomo mweusi mpana kama baragumu. Usiushike ule mdomo kwa mkono mtupu, unaganda kwa baridi na ngozi inaumia. Maji usimwage kwenye umeme. Vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bonyeza, fagia kushoto kulia. Dunia nzima namba zinatofautiana, kwetu zimamoto ni 114.

Na moto ukishakuwa mkubwa kuliko ndoo, achana na mtungi, toa watu.

#5 Kitasa

Mzee asante. Ule mtungi wa kwetu mshale umelala kwenye nyekundu tangu niko mwaka wa kwanza.

#6 Mzee wa Mitungi

#5 Huo ni wa poda, wenye geji. Mshale ukiwa nyekundu upande wa chini presha imeisha, ni chuma kitupu hicho. Wa hewa ukaa hauna geji, unapimwa kwa uzito. Na ukipuliza poda ndani ya ukumbi uliofungwa, ujue hamtaonana, toeni watu kwanza.

#7 Mwana wa Tana

Nawasalimu kutoka Kenya. Mnaongelea moto, lakini sisi tukisikia dharura ya chuo tunawaza Garissa, magaidi walipovamia chuo kikuu. Watu 147 usiku ule, mabwenini. Pale ukimwambia mwanafunzi "toka nje" umemuua. Kwa hiyo mlango wenye kufuli kuna siku unaokoa.

#8 Nyayo Mbili

#7 ndugu yangu, tusahihishe kwa heshima ya waliokufa. Ilikuwa Aprili 2, 2015, Alhamisi, alfajiri baada ya saa kumi na moja na nusu, si usiku. Washambuliaji walianza na walinzi wa getini. Na si mabwenini tu: kulikuwa na wanafunzi wamekusanyika kusali katika ukumbi wa mihadhara, waliuawa humo. Idadi ya kwanza ilitangazwa 147, ikaja kuwa 148. Wanafunzi 142, waliobaki polisi na wanajeshi.

Halafu sikiza, kuna upande wa pili wa hadithi hiyo. Siku kumi baadaye, Aprili 12, kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla hakujapambazuka, hitilafu ya umeme ikalipuka. Wanafunzi wakadhani ni yale ya Garissa. Wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakaumia. Mimi nilikuwa hosteli ya chuo kingine huko Nairobi, na usiku uliofuata sisi wanne chumbani tulilala na viatu. Mwenzetu mmoja alifunga shuka mbili pamoja akaziweka chini ya mto. Hatukuwa na yeyote wa kutuambia mlipuko wa umeme unasikika vipi na bunduki inasikika vipi.

#9 Mwana wa Tana

Asante kwa kunirekebisha. Nilikuwa darasa la sita mwaka huo, nilichokumbuka ni ile namba ya kwanza ya redioni. Lakini swali langu liko pale pale: kutoka au kujifungia?

#10 Mwaka wa Tatu

Kwa hiyo ndiyo maana vyuo vinatakiwa kufanya mazoezi ya dharura. Kama sikosei Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walifanya wiki ile ile ya Garissa.

#11 Nyayo Mbili

#10 hapana, ilikuwa Novemba 30, 2015, karibu miezi minane baadaye. Na lile zoezi ndilo linalotakiwa kufundishwa kwa kila anayepanga zoezi. Milio ya risasi ilisikika chuoni, wengi hawakuwa wameambiwa ni igizo. Watu waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja wa chuo, mama, alifariki kwa majeraha, na makumi wakaumia. Watu ambao bado wana Garissa kifuani huwezi kuwapigia risasi za kuigiza bila kuwaambia.

#12 Kamusi ya Mtaa

Ila mkitangaza zoezi wiki nzima kabla, watu wanakuja na soda na kofia, wanapiga picha. Halifundishi chochote hilo. Zoezi la kushtukiza ndilo linaonyesha ukweli.

#13 Mzee wa Mitungi

#12 Mwanangu, zoezi si mtihani wa kumkamata mtu. Ni kama kufundisha mtoto kuogelea, humtupi kisimani kuona kama anajua. La kwanza linatangazwa: siku, saa, kengele inalia hivi, tunatoka hivi. La pili unatangaza wiki tu. Kengele ya moto unaweza kufika hapo. Risasi kamwe. Hata kwa moto, sisi tulikuwa tunamjulisha nesi, mlinzi, walimu na watu wenye shida ya moyo kwanza.

#14 Kamusi ya Mtaa

Nimekuelewa mzee. Kisima umenipata nacho, mimi nilitupwa na kaka yangu Pangani na mpaka leo sijui kuogelea.

#15 Bibi Maktaba

Nafanya kazi maktaba ya chuo. Kuhusu swali la #9, la kutoka au kujifungia, nina mfano mmoja ninaoufikiria kila mwaka. Chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, Aprili 16, 2007. Waliuawa watu 32. Katika jengo la Norris Hall muuaji alifunga milango mikuu ya jengo kwa minyororo kutoka ndani kabla ya kuanza. Minyororo, jamani. Kile alichokifanya yeye ili watu wasitoke, sisi tumekifanya wenyewe kwenye ukumbi wa Chaki Nyeupe na tumekizoea.

Chumba 204 cha jengo hilo alikuwa anafundisha profesa mzee wa uhandisi, Liviu Librescu, miaka 76, mzaliwa wa Romania aliyeokoka mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto. Aliuzuia mlango kwa mwili wake huku wanafunzi wakitokea dirishani, ghorofa ya pili. Wengi wakapona. Yeye akapigwa risasi kupitia mlango.

Ninachokiona: aliufunga mlango NA akawapa njia nyingine. Milango ile ya madarasa haikuwa na namna ya kujifungia kwa ndani, ndiyo maana ilibidi mwili wa mtu uwe komeo. Mlango mzuri mwalimu anaufunga kutoka ndani bila ufunguo, na anaufungua kutoka ndani bila ufunguo. Mnyororo haukupi hata kimoja.

#16 Chaki Nyeupe

#15 Nimesoma mara mbili. Miaka 76. Mungu amrehemu.

#17 Getini Usiku

Nisameheni ninyi wasomi, mimi ni mlinzi, na naona #3 ametugusa. Niseme upande wetu.

Nalinda majengo manne usiku, peke yangu. Kampuni iliyoniajiri ikisikia projekta imeibwa nakatwa mshahara, na projekta moja ni mshahara wangu wa miezi mingi. Milango ya nyuma ya kumbi zile vitasa vyake vilishakufa, vinafunguka kwa kusukuma tu bega. Nikaandika ripoti. Nikaandika tena. Mwisho mwenzangu wa zamu ya mchana akanunua mnyororo kwa hela yake mwenyewe. Sasa ninyi mtasema mlinzi ni mkatili.

Funguo tulizikabidhi ofisi ya milki, ile inayosimamia majengo ya chuo, kwenye kopo la maziwa, hazina lebo. Zilikuwa kama arobaini.

#18 Kitasa

Mkuu samahani. Sikukusudia wewe. Hapo kwenye kopo la maziwa nimeishiwa nguvu.

#19 Fundi Fremu

#17 kasema ukweli ambao hauandikwi. Mimi ni fundi wa milango, aluminiamu na mbao, na nawaambia wizi si chanzo. Chanzo ni kitasa. Mlango wa dharura unatakiwa ufunguke kwa nje, na uwe na ile baa ya kulala katikati ambayo ukiiegemea kwa tumbo tu mlango unaachia. Kutoka nje haufunguki bila ufunguo, kwa hiyo mwizi haingii. Kutoka ndani hata mtoto anaufungua. Baa hizo zilianza kuenea baada ya ukumbi wa maonyesho wa Iroquois kuungua Chicago mwaka 1903, watu zaidi ya 600 walikufa, milango ipo, ila makomeo yaliwashinda kwenye giza na msongamano.

Tatizo baa moja nzuri ni ghali kuliko mlango wenyewe. Mkandarasi akipewa bei ya chini anaweka kitasa cha chumbani kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Mwaka mmoja kimekufa. Mnyororo unaingia. Na nusu ya milango niliyoikuta inafungukia ndani: watu wakishaubana kwa miili haufunguki tena hata uwe hauna kufuli.

#20 Hakimu Mstaafu wa Baraza

Tusizunguke. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Mwenye wajibu wa kwanza ni mwajiri na mmiliki wa jengo. Mhadhiri akianza kujibebesha mambo ya milango, siku ikiharibika watamwambia wewe ndiye uliyekuwa msimamizi. Mleta mada, andika barua, tunza nakala, fundisha somo lako.

#21 Chaki Nyeupe

#20 Barua nimeandika, nakala ninayo, ushauri wako naushukuru. Lakini wale watoto hawakumtazama mwajiri. Walinitazama mimi.

#22 Nesi Tabora

Mada nzuri, ila mmesahau kwamba dharura nyingi za darasani si moto wala risasi. Ni mtu mmoja ameanguka.

Niliwahi kuitwa kwenye darasa la chuo kimoja, kijana ana kifafa ameanguka kati ya viti. Nilipofika wanaume wanne wamemkalia mikono na miguu, na mhadhiri, msomi kabisa, anamlazimishia kijiko mdomoni. Meno mawili yameshavunjika. Alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa, anasema, "Nilidhani atameza ulimi." Ulimi haumezwi. Usitie kitu mdomoni. Usimshikilie. Sogeza viti na mabegi, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Akitulia mlaze ubavu. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, hapo unatafuta gari.

Aliyeanguka ukamwita haitiki na hapumui vizuri, huyo ni habari nyingine. Kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige simu. Usisimame mpaka msaada ufike au azinduke.

Na mwenye pumu muulizeni mapema dawa yake ya kuvuta iko mfuko gani wa begi. Wakati pumzi imekata hawezi kukueleza.

#23 Mwaka wa Tatu

Nesi, sisi tulikuwa tunanusisha soksi.

#24 Nesi Tabora

#23 Acheni hiyo soksi, mnamnyima hewa.

#25 Mtu wa Kashozi

Bukoba hapa. Mimi naongeza tetemeko, maana kila mnachosema cha kutoka haraka siku ile kingeua.

Septemba 10, 2016, Jumamosi, saa tisa na dakika kama 27 alasiri. Ukubwa 5.9. Watu 17 walifariki mkoani kwetu. Shule za Ihungo na Nyakato majengo yalibomoka. Nilikuwa nimesimama dukani, nikaona mizani inacheza yenyewe, kisha sauti kama lori linapita chini ya sakafu. Nilikimbia nje, na tofali la juu ya mlango likadondoka pale pale nilipokuwa nimepita. Nusu hatua. Alama ya vumbi lake ilibaki kwenye kisigino cha kiatu changu.

Nchi ikitikisika hukimbilii mlango. Unachuchumaa, unafunika kichwa, unaingia chini ya meza, unakaa mbali na vioo. Ikitulia ndipo unatoka. Kwenye kumbi za viti vya kufungwa sakafuni, unachuchumaa kati ya safu na safu.

#26 Kamusi ya Mtaa

Sasa nimevurugwa. Moto toka. Tetemeko kaa. Bunduki kimbia au jifungie. Mhadhiri atakumbuka yote hayo akiwa ametoka kukariri slaidi themanini?

#27 Mzee wa Mitungi

Hahitaji yote. Anahitaji kujua mawili: milango yangu iko wapi na inafunguka, na nani atanisaidia. Mengine yanajibiwa na tukio lenyewe.

#28 Dada wa Maabara

#27 sikubaliani mzee, kwa heshima. Maabara ni tofauti. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya kemia. Asidi ikimrukia mtu jichoni hana muda wa kuuliza. Bomba la kuoshea macho liwe linatoka maji, na aoshe dakika 15 bila kuacha, kwa saa ya ukutani, maana maumivu yakipungua dakika ya pili wengi wanaacha. Kwetu bomba lile lilikuwa limegeuzwa pa kuning'inizia makoti. Mitungi ya gesi ifungwe mnyororo ukutani. Huo ndio mnyororo pekee ninaoutaka chuoni.

#29 Shemeji wa Kampala

Makerere jengo kuu liliungua Septemba 20, 2020, usiku wa manane kuelekea alfajiri. Jengo la mwaka 1941. Hakukuwa na pindi saa ile. Wengine walisema umeme, wengine wakasema kumbukumbu za fedha zilikuwa humo. Fikirieni ingekuwa saa nne asubuhi.

#30 Bibi Maktaba

Na Cape Town, Aprili 18, 2021. Moto wa mlimani ulishuka mpaka chuo kikuu, chumba cha kusomea cha Jagger kikateketea na vitu visivyo na mfano kuhusu Afrika. Lakini milango ya kuzuia moto ilijishusha yenyewe, sehemu nyingine za maktaba zikabaki. Mlango uliofanya kazi yake. Nilipoona zile picha nilishuka ghorofani kwetu nikaenda kuukagua wa kwetu. Umeegemezwa tofali usijifunge, kwa sababu ya joto.

#31 Kitasa

Bibi ulilitoa tofali?

#32 Bibi Maktaba

Nalitoa kila asubuhi. Wanalirudisha kila mchana. Sasa nalipeleka nyumbani.

#33 Magurudumu

Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, nashukuru wote. Mimi ni mwanafunzi, natumia kiti cha magurudumu. Pindi mbili zangu ziko ghorofa ya pili, napanda kwa lifti. Mnaposema "toa watu", mimi nakaa namna gani kwenye hiyo sentensi?

Siku moja kengele ililia, ilikuwa ya uongo. Dakika moja darasa likawa tupu. Nilibaki na feni inazunguka na madaftari ya watu. Lifti imezimwa, ndivyo inavyotakiwa ikilia kengele. Nikasogea mpaka ngazini nikasubiri. Baada ya muda alirudi kijana mmoja, si rafiki yangu, hata jina silijui, akakaa ngazini karibu yangu. Akasema, "Tungoje wote." Hatukuongea kitu kingine.

#34 Chaki Nyeupe

#33 Sina jibu, na inanichoma kwamba sina. Ninao wawili kama wewe kwenye somo langu, na mmoja hasikii kabisa. Jumanne ile gizani sikumkumbuka hata mmoja wao.

#35 Mzee wa Mitungi

#33 Binti au kijana, nisikilize. Sehemu ya ngazi iliyofungwa kwa mlango unaozuia moto ndiyo pa kusubiria, na lazima watu wanne wawe wamechaguliwa kwa majina, tangu wiki ya kwanza, wawili wa kukubeba na wawili wa akiba. Kiti kinainamishwa nyuma, kisha kinashushwa wewe ukitazama mbele, kule mnakoshuka. Wafanye hivyo mara moja kukiwa kimya ili mikono ijue uzito. Asiyesikia, mwalimu azime na kuwasha taa mara tatu, na jirani yake amguse bega. Ila mimi kwa maisha yangu ningesema pindi hizo zishushwe chini. Kuhamisha ratiba ni kalamu tu.

#36 Hakimu Mstaafu wa Baraza

#35 Hilo la kuhamisha chumba nalo liandikwe barua. Safari hii nitakusaidia kuandika, #33, nitumie ujumbe wa faragha.

#37 Mwana wa Tana

Mimi bado na msimamo wangu kuhusu kufuli, ila hiyo ya baa ya Fundi Fremu nimeikubali. Shule ya sekondari Kyanguli kule Machakos, Machi 26, 2001, wavulana 67 waliungua bwenini, mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yana nondo. Mjomba wangu alisoma shule ya jirani. Hawakuwekewa kufuli kwa sababu ya magaidi, ilikuwa wasitoroke. Kwa hiyo #2 anaweza kuwa ndiye mwenye jibu kuliko wote: tunafunga kwa sababu hatuwaamini vijana.

#38 Getini Usiku

#37 na mimi hawaniamini. Ndiyo sina funguo.

#39 Kitasa

Mimi nabaki na wizi. Mkitaka tubishane mpaka dabi ya Jumamosi.

#40 Chaki Nyeupe

Ndugu zangu, narudi na habari za leo.

Nilianza pindi kwa dakika tano za mambo yenu. Nikawaonyesha milango, nikawaambia lile neno nililolikosa: "Simameni, acheni mabegi, safu za mbele kwanza, kushoto." Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza nilipowaambia kuhusu chumba 204. CR, kiongozi wa darasa, alichagua wenzake wanne kwa ajili ya yule wa kiti, walijitokeza tisa. Yule asiyesikia akawafundisha ishara ya "moto" na ya "nifuate". Darasa zima liliinua mikono likajaribu.

Tukatoka kwa mlango mmoja, CR akishika saa. Dakika sita na sekunde kumi, hakuna anayesukuma, mchana kweupe. Pale nje panapoandikwa mahali pa kukusanyika pameegeshwa magari saba, tulisimama juani katikati yake.

Mnyororo umetolewa jana. Mkata chuma alikuja na mtu wa milki, wala sikujua barua ipi ndiyo iliyofanya kazi. Lakini mlango haufunguki. Umepakwa rangi mara nyingi mpaka umegandana na fremu, na bawaba ya chini imeliwa na kutu.

#41 Fundi Fremu

Usiulazimishe kwa bega, utapasua fremu. Pitisha kisu kwenye ufa wa rangi pande zote. Unafungukia wapi?

#42 Chaki Nyeupe

Ndani.

#43 Fundi Fremu

Nitumie vipimo, upana na unene wa mbao, na picha ya bawaba. Niko Morogoro wiki hii. Kazi ya mikono sitatoza, mtafute bawaba tatu za inchi nne.

#44 Getini Usiku

Mkibadilisha kitasa, ufunguo mmoja ubaki getini tafadhali. Mniandikie jina la ukumbi juu yake.